Kifundo cha mkono kiliuma, eksirei ikasema mzima

Nilianguka na pikipiki, nikajikinga kwa kiganja. Wiki tatu baadaye kifundo bado kinauma upande wa juu, karibu na kidole gumba. Nikikamua nguo kinalia ko! Bandeji, dawa ya kuchua, wapi. Eksirei ilionyesha mifupa mizima.

Daktari wa mifupa akataka ipigwe tena, safari hii nimekunja ngumi kwa nguvu. Kumbe mkono ukilegea, skafoidi na lunati, mifupa miwili midogo ya kifundo, zinaweza kukaa karibu hata kano inayoziunganisha ikiwa imechanika. Ukikunja ngumi, mfupa wa kapitati unasukumwa katikati yao, zinaachana. Pengo langu lilizidi milimita 3.

Kano ikashonwa, pini wiki 8, kisha mazoezi. Jana nimefua mashuka, nikayakamua mwenyewe. Kimya.