Siku moja maishani mwangu: daktari wa watu wazima wenye sikoseli (ugonjwa wa damu wa kurithi) katika chumba cha mahututi, Unguja

Saa 1:30 asubuhi. Tunapokeana zamu. Mashine baadaye, kwanza pumzi, zihesabiwe dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, pumzi 2 zilizokuponyoka zimeshakuwa 8. Wengi hulazwa kwa maumivu ya mgongo na mapaja tu. Siku ya 2 au ya 3 homa inapanda, oksijeni inashuka, na eksirei inaonyesha weupe mpya pafuni. Hali hiyo ya kifua ni miongoni mwa zinazoongoza kwa kuwaua watu wazima wenye sikoseli.

Saa 3. Raundi. Dawa za bakteria, seftriaksoni na azithromaisini; oksijeni ya damu isipungue asilimia 95. Kisha karatasi ya maji: dripu, dawa za mshipa, hata madafu wanayoleta jamaa. Nyumbani kunywa maji mengi ni sawa. Huku wodini maji ya ziada huishia mapafuni. Madafu nayo yana potasiamu nyingi, na figo za sikoseli hazifai kuaminiwa hata kriatinini, kipimo cha figo, ikisoma vizuri.

Saa 5. Damu. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ikiwa 5, anaongezwa. Ikiwa 9 na hali inazorota, usiongeze tu, damu itakuwa nzito, badilisha. Kwa mkono, bila mashine, ni hivi: toa damu mililita 500, weka salaini (maji ya chumvi) 500, toa 500 nyingine, kisha weka chupa 2 za damu. Himoglobini isivuke 10. Sindano iwe nene, maana nyembamba huganda katikati ya kazi. Midomo ikimchonyota, kalsiamu ya damu imeshuka kwa sababu ya dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye chupa.

Saa 9 alasiri. Mzazi ananiambia: “Daktari, mwanangu leo kalala, alhamdulillahi.” Mwite jina. Haitiki, pumzi 9 kwa dakika? Huo si usingizi, ni mofini, dawa kali ya maumivu, imezidi. Isimamishe, mpe naloksoni, dawa ya kuitengua, kidogokidogo. Ukiimimina yote, maumivu yatarudi kwa kishindo. Lakini kumbania mofini ni kosa lile lile upande wa pili: mbavu zikiuma hapanui kifua, na sehemu ya chini ya mapafu inajifunga. Kwa hiyo akiwa macho avute pumzi ndefu mara 10 kila saa 2, amekaa.

Saa 2 usiku. Kukabidhi. Kwenye faili naandika kwa herufi kubwa tarehe aliyopewa damu. Hadi wiki 3 baadaye mkojo ukiwa mweusi kama kahawa na himoglobini ikashuka chini ya ilipoanzia, huenda mwili unaivunja damu aliyopewa. Chupa nyingine inaweza kuzidisha; aitwe daktari, na sampuli iende maabara kwanza.