Siku moja maishani mwangu: tobo la ukubwa wa ukucha

Saa 2 asubuhi. Nje theluji, ndani nawasha feni ya kuvuta harufu hata koti sijavua, maana dawa za humu zinapanda kichwani. Kazi yangu ni kukarabati michoro ya rangi ya mafuta, nipo Massachusetts, na mezani wiki hii kuna merikebu ya karne ya 19, anga kubwa juu yake, ila vanishi imeiva rangi ya chai mpaka bluu imekuwa kijani. Ndo tabia ya vanishi za utomvu kama damari na mastiki, mpya zinang'aa kama kioo, miaka ikienda zinaingia manjano.

Saa 2 na nusu nazima taa zote, nawasha ya UV, ile ya miale isiyoonekana kwa macho. Vanishi kuukuu inatoa mwanga wa kijani, halafu pale alipopita mtu wa baadaye na brashi panakuwa peusi, na hapa peusi ni karibu nusu ya anga! Nikamulika kwa pembeni nikaliona tobo lenyewe, kama ukucha wa kidole gumba. Wallahi niliumia. Yaani badala ya kuhangaika na ukucha mmoja, kamfunika mchoraji mzima mzima.

Saa 3 mpaka saa 6, kusafisha. Vumbi na moshi wa juu nautoa kwa mate, ndiyo mate, yana vimeng'enya na hayaumizi rangi, unaviringisha pamba kwenye kijiti, unalowesha, unazungusha taratibu, unatupa, unachukua nyingine. Vanishi ndo inataka isopropanoli, aina ya alkoholi, nayo naipunguza makali kwa waiti spiriti, kile kiyeyushi cha rangi, naanza hafifu kabisa. Pamba inarudi rangi ya asali. Na lile anga la bandia lilipakwa juu ya vanishi, kwa hiyo vanishi ikilegea nalo linaondoka, na ilipokaribia saa 6 kikatokea kiwingu chembamba, mipigo mitatu tu ya brashi. Niliweka kijiti chini nikakitazama kwanza.

Saa 6 nakula huku naongea na babu, Unguja saa 2 usiku.
"Shikamoo babu."
"Marahaba mjukuu wangu, ushakula?"
Nikamwambia kuhusu vanishi, akauliza hapo hapo, ni sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti ya kale? Hapana babu, na bora si yenyewe. Karne ile ile ya merikebu hii sandarusi ilichimbwa ardhini Mrima, pwani ya bara, ikapitia Unguja ikaja Salem, bandari ya huku huku Massachusetts, kutengenezea vanishi. Ikipikwa na mafuta ikakauka inakuwa ngumu hasa, dawa ya kuitoa inaweza kula na rangi ya mchoro.

Saa 8 nahamia kwa mwenzake, merikebu ya pili ya mwenye hii hii. Ulishasafishwa, matobo nimeyaziba kwa chaki na gundi, juu nimepitisha Paraloid B-72, vanishi ya kutengenezwa kiwandani, nyembamba iwe mpaka kati ya rangi yake na yangu. Sasa narudishia rangi, brashi ya nywele chache, ndani ya tobo tu, hata milimita moja nje sitoki. Natumia Gamblin Conservation Colors, rangi za ukarabati zilizoshikwa na gundi iitwayo Laropal A81, isopropanoli inazifuta wakati wowote na Paraloid ya chini inabaki.

Bluu ikanisumbua. Nilichanganya na kobalti, dirishani sawa kabisa, nikaisogeza kwenye balbu ya njano yangu ikaenda zambarau na yake ikabaki bluu. Na ule mchoro unarudi sebuleni kwa mtu, chini ya taa! Nikafuta yote, nikajaribu bluu ya Prussia, nikaanza nyepesi nikawa naongeza tabaka tabaka, mara ya tatu ikakubali dirishani na kwenye balbu.

Saa 10 mwanga umekwisha, ndo baridi ya huku. Vanishi ya mwisho ni wiki ijayo, Regalrez 1094, nayo ya kiwandani, na dawa iitwayo Tinuvin 292 kidogo ya kuichelewesha isizeeke. Nikaandika kwenye faili kila nilichopaka leo na kinachokitoa, nikafunika merikebu zote mbili. Kesho naendelea kushoto kwa kile kiwingu.