Sensa nne hazifi kwa mpigo

Sensa za kuegesha gari zikinyamaza zote pamoja, usikimbilie kununua nyingine. Moja hufa, au mbili zikigongwa kwenye foleni. Zote nne za bampa kuharibika siku moja ni nadra mno. Hapo shaka iende kwenye umeme au kile kisanduku kinachoziongoza.

Langu lilianza mvua za masika zilipokolea hapa Nairobi. Kila nikiingiza gia ya kurudi nyuma, mlio mmoja mrefu, kisha kimya. Gereji moja ilishanipigia hesabu ya seti nzima, na rangi ya bampa juu yake. Nikaomba muda.

Kwanza nilizipima kwa kidole. Nilizuia magurudumu kwa mawe, nikavuta breki ya mkono, nikawasha swichi bila kuwasha injini, nikaweka rivasi, kisha nikagusa kila sensa. Iliyo hai utaihisi ikidunda kidogo, kwa sababu hutoa mapigo mafupi ya mawimbi ya sauti yenye mitetemo kama 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia karibu 20,000. Kisanduku hupima muda wa mwangwi kurudi: kwa kitu kilicho mita moja nyuma, ni kama milisekunde 6 tu. Zangu zilikuwa tuli zote. Fyuzi nayo ilikuwa nzima.

Lakini kisanduku kiko wapi? Kitabu cha gari kiliandikwa Kijapani. Nikaenda kwa fundi wa umeme wa magari pale Kirinyaga Road, ile wengi bado huiita Grogan. Akanitazama akasema, "Mzee, tusibahatishe. Tufuate waya."

Tukatoa kila kitu kwenye buti, tukainua zulia. Waya za bampa ziliingia ndani kupitia raba moja, zikapanda ubavuni hadi nyuma ya ile plastiki iliyo karibu na taa. Magari mengi hukificha huko, mengine chini ya kiti cha nyuma. Kama seti ilifungwa baadaye, anzia kwenye waya wa taa ya rivasi, maana mara nyingi ndipo inapochukua umeme. Klipu zing'oe polepole. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi huvunjika.

Kisanduku kilikuwa kimeloa. Pini za soketi zilikuwa zimeshika kutu ya kijani, na juu yake mchirizi wa maji ulielekeza moja kwa moja kwenye taa ya nyuma, ambayo raba yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Kusafisha pini bila kubadilisha raba hiyo kungekuwa kazi bure. Fundi akatoa waya hasi wa betri, akapuliza dawa ya kusafishia soketi, akapiga brashi laini, tukakiacha kikauke kabisa. Alipokirudisha alielekeza soketi chini, ili hata tone likipita lisitulie kwenye pini. Tulipojaribu, sensa zote zikaitika.

Nililipia kazi na raba tu. Sasa mvua kubwa ikipita, ninapapasa chini ya zulia la buti. Na vijana wa kuosha gari ninawaomba, kila mara, wasisogeze bomba la presha karibu na sensa wala ukingo wa taa.