Kumbukumbu ya mradi wa miti ya Tanga: bustani imetoka baharini

Ramani imekaa. Saa sita na dakika kumi usiku, baada ya wiki tano, Bustani ya Jamhuri imetoka majini na kupanda juu ya ukingo wa bandari inakostahili kuwa, na mnara wa saa umesimama juu ya mnara wa saa. Nimewasha na kuzima tabaka la ramani ya zamani labda mara arobaini. Barabara haisogei, pwani haisogei. Nikaenda kumwamsha mke wangu aje aone. Ameona, amesema alhamdulillahi, amerudi kulala. Mimi usingizi umenikimbia, ndiyo maana naandika.

Lengo la mradi halijabadilika: kujua Tanga ilikuwa na kijani wapi, kilipungua wapi, na nini kimebaki. Lilinianza niliposoma habari za Manchester, mji wa viwanda vya pamba. Agosti 1846 zilifunguliwa huko bustani tatu za umma siku moja, Queen's Park, Philips Park, na Peel Park iliyo Salford ng'ambo ya mto, maana watu wa viwandani hawakuwa na pa kuvutia pumzi. Nikajiuliza, na sisi je? Tanga nayo ni mji wa viwanda. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, na mwaka huohuo Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida: miche elfu moja ilipakiwa, 62 tu ikafika hai. Reli ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na mashamba yakaifuata. Ule uliokuwa msitu na vichaka vya pwani ukageuka mistari ya mkonge. Bustani tunazopumzikia leo, Jamhuri na Uhuru, ni vipande vidogo vya kijani ndani ya historia hiyo kubwa, na hakuna anayezichora.

Sasa tatizo.

Nina karatasi ya ramani ya vipimo vya 1:50,000 inayoonyesha mji, mikoko, mashamba ya mkonge na vichaka kwa rangi. Niliipeleka duka la kudurufu, wakaiskani, nikaifungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani. Nikachukua makutano ya mistari ya gridi, nikaandika namba zake, nikaiambia programu kuwa ni UTM (mfumo wa gridi za meta) kanda ya 37 Kusini, msimbo 32737, kama ninavyofanya siku zote na alama za mahali ninazopima kwa simu. Masalio, yaani kosa linalobaki baada ya kuoanisha, yakawa madogo sana, chini ya pikseli mbili. Nikafurahi. Nikaweka picha ya satelaiti chini yake.

Bustani ya Jamhuri ikawa baharini. Siyo ukingoni, siyo kwenye mawe. Baharini kabisa, upande wa Kisiwa cha Toten, mahali meli hupita. Na miti niliyoipima kwa miguu yangu, mikungu na miarobaini ya pale bustanini, nikiiweka juu ya ramani ya zamani inarudi nyuma hadi katikati ya mitaa ya maduka.

Wiki ya kwanza nililaumu simu. Nikarudi bustanini alfajiri kabla watu hawajajaa, nikasimama chini ya kila mti dakika tano tano nikikusanya vipimo na kuchukua wastani. Chini ya majani mazito simu hutangatanga meta nane, kumi, hata kumi na tano, hilo nalijua. Lakini meta kumi haimtumbukizi mtu bandarini.

Wiki ya pili nililaumu karatasi. Karatasi ya zamani huvuta unyevu na kupungua, na unyevu wa Tanga hauhitaji kusimuliwa. Nikapima gridi kwa rula ya chuma. Sentimita mbili kwa kila kilometa, sawasawa, kasoro ya unywele.

Wiki ya tatu ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilianza kubadilisha njia za kuoanisha. Polinomia ya kwanza, ya pili, ya tatu, hali ileile. Kisha nikaacha gridi nikachukua alama za pwani, nikatumia ile njia inayoitwa Thin Plate Spline. Masalio: sifuri. Nikadhani nimefika. Nikakaa nayo siku nne nikichora juu yake mpaka wa mikoko, halafu nikaangalia reli, nikaona imepinda kama nyoka aliyepigwa fimbo. Reli ya Tanga haipindi hivyo. Njia ile huivuta ramani kama mpira hadi kila alama uliyoitoa ikae pale ulipoiambia, kwa hiyo masalio lazima yawe sifuri hata kama umeidanganya. Sifuri yake si ushahidi wa kitu chochote. Naliandika hili kwa herufi zangu zote kwa yeyote anayeoanisha ramani za zamani: msiitumie hadi mjue kwa nini ramani imekosea. Na pwani si alama ya kuaminika. Gati limepanuliwa, mikoko imesonga mahali na kurudi mahali pengine. Nilikuwa naifunga ramani kwenye kitu kinachotembea. Kazi ya siku nne nimeifuta.

Wiki ya nne niliisukuma kwa mkono. Ikakaa kwa jicho, lakini moyo ulikataa. Kitu kikikaa bila kujua kwa nini kimekaa, kesho kitaondoka bila kujua kwa nini kimeondoka.

Jana jioni nilikuwa barazani Ngamiani nakunywa kahawa, na pale hukaa mzee mmoja aliyekuwa mpima ardhi enzi za minyororo na theodolaiti. Nikamwonyesha kwenye simu.

"Shikamoo mzee. Hebu nitazamie hii, bustani yaniingia baharini."

"Marahaba mwanangu." Akaisogeza mbali na macho, akaitazama muda. "Imeingia kiasi gani?"

"Kama meta mia tatu. Kaskazini."

"Na magharibi kidogo?"

Nikashtuka. Kweli, magharibi kidogo, kama mia, ila jambo hilo sikuwa nimemwambia.

Akarudisha kikombe kwenye sahani. "Chini ya ramani pameandikwa nini? Yale maandishi madogo."

Hapakuwa na maandishi madogo. Kule dukani walikata pambizo ili ukurasa uingie. Nikapanda bajaji hadi nyumbani kuitoa karatasi yenyewe kwenye bomba lake. Pale chini, kwa herufi za kutafutwa kama sindano: Clarke 1880, Arc 1960.

Basi ndiyo hiyo. Simu hupima kwa WGS84, mfumo wa vipimo unaotumiwa na GPS, ambao nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni meta 6,378,137. Ramani yangu ilipimwa kwa Arc 1960, datamu ya zamani, yaani namna umbo la dunia linavyofungwa mahali pake, na umbo lenyewe ni duaradufu ya Clarke, meta 6,378,249. Lakini tofauti kubwa haiko kwenye unene wa dunia, iko kwenye kitovu chake. Kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 unasogeza kitovu kwa meta 160 kwenye mhimili mmoja, 6 kwenye wa pili, na 302 kwenye mhimili wa ncha, zote hasi. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo zile 302 za mhimili wa ncha zinatuangukia karibu zote kama kaskazini na kusini. Meta 300 kwenye karatasi ya 1:50,000 ni milimita sita, upana wa penseli. Mzee aliniambia kwa maneno yake: "Mwanangu, hizo ni dunia mbili, nawe umesimamisha mguu mmoja huku na mwingine kule." Huko kazini kwao, anasema, kijana mgeni alifundishwa hilo siku ya kwanza.

Nilichobadilisha ni namba moja. Badala ya 32737 ya WGS84 nimeweka 21037 ya Arc 1960, gridi ileile, polinomia ya kwanza, na kuiruhusu programu ifanye ubadilishaji yenyewe. Kisha nikaijaribu kwa vitu visivyotembea: mnara wa saa, makutano ya reli na barabara, na pembe za mitaa ya Ngamiani, ambayo kwa mpangilio wake wa barabara zenye namba ni zawadi kwa mtu wa ramani. Zote zimeingia ndani ya nusu milimita ya karatasi, yaani meta 25. Chini ya hapo ni unene wa wino wenyewe, sidai zaidi.

Kuhusu vifaa ninavyotumia: QGIS naipenda na sitaiacha, ila hili la kukubali kimya kimya msimbo wowote unaoipa linahitaji mtu mwenye daftari. Sasa kila ramani ninayoipokea naandika kwanza duaradufu na datamu yake kwenye ukurasa wa mbele kabla sijagusa kompyuta. QField, programu ya simu inayofungua ramani za QGIS, ni nzuri kwa kazi ya bustanini, inafanya kazi bila intaneti. Kupima unene wa mti, futi kamba ya mafundi ya meta 30 inatosha. Kamba ya mkonge, pamoja na mapenzi yangu yote kwa zao letu, ikilowa umande hufupika na mti unaonekana umenenepa usiku mmoja. Na ukipeleka ramani kuskaniwa, simama hapohapo, pambizo lisikatwe.

Mpango wangu baada ya hapa ulikuwa kuingiza mchoro wa mji wa wakati wa Wajerumani, kisha kuhesabu kijani kilichopotea kwa hekta. Nilianza kweli saa saba usiku. Nilikuwa natafuta alama za Ras Kazone, nikakumbuka vita vya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza na Wahindi kiasi cha 8,000 lilipotua na kurudishwa baharini na watu wa kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, wasiozidi elfu moja na ushei. Wanaosimulia vita vile wanataja njia waliyopita: minazi, mashamba ya mpira, mkonge, vichaka vizito visivyoonyesha mtu hatua kumi, na nyuki waliotibuliwa kutoka mizinga iliyoning'inia mitini wakashambulia askari. Wengi husimulia nyuki. Mimi naona orodha ya mimea, tena imepangwa kutoka ufukweni hadi relini. Ile njia ninaweza kuichora!

Halafu macho yakateleza kwenye majina yaliyochapwa kwenye ramani, na hapo mpango wote umeniponyoka.

Mikanjuni. Mkanju ndio mkorosho kwa Kiswahili cha wazee wa pwani. Mkwakwani, tunakopigia kelele Coastal Union: mkwakwa ni mti wa porini, wenye tunda gumu la mviringo ambalo watoto hulipasua jiweni. Majani Mapana halihitaji tafsiri. Nimepita sehemu hizi maisha yangu yote nikisikia vituo vya daladala, kumbe nilikuwa natajiwa miti. Hakuna rangi ya kijani kwenye karatasi inayoweza kurudi nyuma hivyo, kwa sababu majina yalikuwepo kabla ya mpima ardhi kufika. Yeye aliyaandika tu alivyoyasikia. Na sasa ramani imekaa mahali pake, kila jina naweza kulisimamia kwa miguu na kuuliza: mti wake upo?

Mchoro wa Wajerumani umerudi kwenye bomba. Hekta zitasubiri. Nimefungua tabaka jipya, nimeliita "majina", lina safu tatu: jina, mti, na umebaki au haukubaki. Yaliyojaa ni majina kumi na moja, na safu ya tatu yote ni tupu.

Mzee amekubali tukutane Mikanjuni kesho baada ya swala ya alfajiri. Anakumbuka mkanju mmoja nyuma ya nyumba ya shangazi yake, ila hajui kama ukuta mpya umeuacha. Simu iko kwenye chaji, futi kamba iko mfukoni.