Singa yenyewe uliishika?

Tangu Jumapili neno la Baba halijanitoka. Harusi ya Mwanaidi imepita, ripoti nimewasilisha, umeme wa maabara umekatika mara mbili, na bado nalisikia lilelile.

Nilimpigia nina furaha. Nikamweleza tunavyogandisha singa za mkonge kwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, tukapaka kipande rangi nyeupe, tukakipulizia vitone vyeusi, kila kimoja upana wa pikseli 3 hadi 5 kwenye picha. Mashine inavuta, kamera mbili zinapiga, programu inafuata vitone vinavyosogea na kuonyesha wapi kipande kimevutika zaidi. Nikamwambia kipande cha sita kilikatika mapema mno, na sijui kwa nini.

Akanyamaza. Kisha: "Kamera inaona rangi uliyopaka, mwanangu. Singa yenyewe uliishika?"

"Baba, zilikuja zimeshasafishwa na kufungwa."

"Kwa hiyo hukuishika."

Hakusema kwa ukali. Miaka 26 kwenye korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, kule Tanga; vidole vyake vinajua. Kilichoniuma ni kwamba kasema kweli: ufa ukianzia ndani, kamera haziuoni mpaka uso wa kipande nao uguswe. Hukuishika. Napika, nalisikia. Naoga, nalisikia.

Jana usiku nikafungua picha za kipande cha sita, moja baada ya moja. Kwenye picha ya 188 mashine bado inachora mstari ulionyooka, kana kwamba kipande ni kizima. Lakini kwenye rangi zinazowekwa na programu, karibu na ukingo wa kushoto pana doa jekundu, yaani hapo panavutika zaidi, dogo kama punje ya mtama. Ya 190, limerefuka. Ya 203, kipande kimekatika palepale.

Asubuhi nikafungua furushi lililobaki, nikapitisha singa katikati ya vidole, shungi kwa shungi. Laini, laini, laini. Kisha moja ikanikwaruza: nyama ya jani imekaukia juu yake, ngumu kama gamba. Hapo epoksi ingeshika gamba, singa ikabaki peke yake. Nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa furaha. Sijathibitisha bado. Nitatengeneza vipande vya singa safi na vya hizi zenye magamba, nivivute vyote mbele ya kamera zilezile. Lakini kumpigia Baba sisubiri majibu, nampigia leo leo akitoka msikitini.