Mia Nane za Mama Kulwa

Mwaka 2006 ulianza na ukame. Bwawa la Mtera lilipungukiwa maji, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Kwetu Manzese umeme ulirudi usiku umeshakuwa mkubwa, na asubuhi ukaondoka tena. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mgawo ule ndio ulionifundisha maana ya neno marejesho.

Miezi michache kabla, mama alikuwa amekopa shilingi 200,000 kwenye shirika moja la mikopo midogo, akanunua jokofu la mtumba. Alitakiwa kurudisha 250,000 kwa wiki 50, yaani 5,000 kila Alhamisi. Hatukuwa na hati ya nyumba wala mshahara. Dhamana yake ilikuwa wanawake wanne wa kikundi chake: Mama Shabani aliyekuwa mama lishe, Mama Rehema wa kanga, Bi Tatu wa vitumbua na Mama Kulwa aliyekaanga samaki. Mmoja akikwama, wenzake wanamlipia, na hakuna anayetoka kwenye ukumbi wa marejesho mpaka hesabu ya kikundi itimie.

Tuliuza barafu za ubuyu na ukwaju, shilingi 50 kila moja. Ili kupata 5,000 lazima ziuzwe barafu 100, na hapo hujatoa sukari, ubuyu wala vifuko. Umeme ulipokuwepo hilo halikuwa tatizo. Watoto wa shule walikuwa wanagonga mlango hadi mama anawaomba wasubiri zigande.

Jumatano moja mwezi Februari alinipa barafu nikauze shuleni wakati wa mapumziko. Zilikuwa zimeganda nusu. Nilipofungua ndoo nikaona zimelegea, nyingine zimeshakuwa maji ya ubuyu, nikaanza kuwagawia wenzangu. Nyumbani nikasema zimeyeyuka zote. Mama hakuuliza zaidi, alikausha ndoo tu akaiegemeza ukutani.

Kesho yake mchana nikaenda naye ukumbini, maana mimi ndiye niliyekuwa namwandikia daftari. Mkononi alikuwa na 1,800. Pengo la 3,200. Afisa mikopo, kijana mpole kabisa, alihesabu, akaziweka mezani, akasema, "Mama zangu, kaeni muelewane," akaendelea na kikundi kingine. Tukahamia pembeni kwenye benchi.

Mama Kulwa ndiye aliyeanza. "Mimi sikukopa jokofu. Na huyu mtoto wako, Mama Neema, mwanangu kamwona jana anagawa barafu bure shuleni. Kwa hiyo sisi ndio tunawanunulia watoto wa watu barafu?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Mama alinitazama mara moja tu, kisha akamgeukia mwenzake. "Mtoto ni wangu, na deni ni langu. Nisitirini leo, nitawalipa."

Kwa miaka mingi nilimchukia Mama Kulwa. Sasa ninajua kwamba katika mkopo uliotangulia alikuwa amemlipia mwanamke aliyehama usiku na vyombo vyake, na mtaji wake wa samaki ukaishia hapo, akaanza upya kwa kuchukua mali kauli. Alikuwa na haki ya kusema alichosema. Ndugu zetu wengi wanaposifia mikopo hii wanaitaja dhamana ya kikundi kana kwamba haimgharimu mtu. Oktoba ya mwaka huohuo, Muhammad Yunus wa Bangladesh na Benki ya Grameen walipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Yunus alianza mwaka 1976 kwa kuwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra dola 27 tu kutoka mfukoni mwake, na mimi nafurahi alipewa, kwa sababu bila 200,000 zile mama asingepata jokofu maishani mwake. Lakini kwenye vitabu vya shirika letu, Alhamisi ile imeandikwa kuwa kikundi kimelipa kamili. Mapindo ya kanga yaliyofunguliwa pale kwenye benchi hayamo.

Yalifunguliwa manne. Kila mmoja alitoa 800. Mama Shabani alitoa za kununulia mkaa wa kesho yake. Mama Kulwa alihesabu mia nane zake mara mbili, akaniambia, "Andika jina langu." Nikaandika majina yote, mkono unatetemeka.

Tukiwa njiani kurudi, Bi Tatu alimshika mama mkono. "Alfajiri njoo kwangu. Umeme unakatika, mkaa haukatiki." Na yeye alikuwa na shida yake: mashine za kusaga zilikuwa zimelala, na mikono yake haikuweza tena kutwanga mchele wa kutosha. Tukawa tunaamka saa kumi usiku. Mchele ulioloweshwa tunautwanga kinuni, mama anakuna nazi, Bi Tatu anakoroga unga kwa tui, hamira na iliki, anauacha uumuke. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki na mkaa naiona ile giza ya uani kwake. Jokofu letu likageuka kabati la mchele, panya wasiufikie. Faida waligawana, na Alhamisi zilizofuata mama aliingia ukumbini na 5,000 yake kamili.

Ilipofika wiki ya tatu alinikabidhi 3,200 niwazungushie wenyewe. Mama Shabani hakuzihesabu. Mama Rehema alinipa na kipande cha muwa. Bi Tatu alizikataa, nikamwachia juu ya kinu.

Mama Kulwa alikuwa karaini, mafuta yanachemka. Alizipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo, kisha akauliza, "Daftari liko wapi?"

Nikasema nimeliacha nyumbani.

"Kalilete."

Nilikimbia, nikarudi nahema. Akalishika kwa vidole vyenye mafuta, akatafuta ukurasa, akaniwekea kalamu mkononi.

"Haya, kata jina langu. Nikiona."

Nikakata.