"Kwani mi nilimuoa?"

Jumapili nilimkuta dada yangu Uyole, Mbeya, kakaa juu ya gunia la viazi, daftari la kikoba (kikundi cha kuweka na kukopeshana hela) mapajani, anahesabu bati. Bati za nyumba ambayo saizi hata geti haruhusiwi kuingia. Miaka saba ameishi na shemeji, watoto wawili, mahari haikupelekwa, kanisani hawakwenda, ile sogea tukae tuliyoizoea. Sasa mwanaume kapata mwingine, kabadilisha kitasa, alafu anawaambia watu mtaani "kwani mi nilimuoa?"

Hilo neno limeniuma sana ndo maana naandika.

Huku kwetu mmoja atakwambia mkikaa miezi sita tayari ni mke, mwingine anasema kama huna cheti huna chako, na wote wanapotosha watu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 160 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wanaowazunguka wakawa wanawajua kama mke na mume, basi inachukuliwa walioana. Ila hiyo ni dhana na inaweza kupanguliwa, mfano ikionekana mwanaume ana ndoa ya kanisani na mwingine na haijavunjwa. Na hata ikipanguliwa bado mwanamke anaruhusiwa kuomba matunzo, yake na ya watoto, na mahakama inaweza kuamua watoto wakae na nani. Kwahiyo dada zangu asije mtu akawatisha mkaondoka na begi la nguo usiku usiku.

Kwenye mali ndo penye kazi. Kiwanja kiliandikwa jina la mwanaume peke yake na yeye ndo anapojidai hapo, lakini kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie kila mmoja alichangia nini, iwe hela, mali au kazi. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Nilivyomwambia hivo dada alinyamaza muda mrefu, maana miaka ile ya mwanzo alikuwa anajiita mama wa nyumbani tu, na maji ya kufyatulia tofali za ile nyumba alibeba yeye kwa ndoo kutoka bondeni, na mimba ya mtoto wa pili tumboni, na baridi ya Uyole mnaijua.

Daftari lenyewe limelowa kona moja lakini linasomeka, "bati 12, mzunguko wa pili", "misumari kg 5", "fundi nusu", mwandiko wake. Nimempigia picha kurasa zote.

Tumeanza na baraza la usuluhishi la ndoa, maana bila hati yao kwamba wameshindwa kuwapatanisha, kwa kawaida talaka huwezi kufungua mahakamani. Shemeji kaitwa mara moja hajatokea. Yule mama aliyewapangisha chumba Mwanjelwa kabla hawajajenga kasema atakuja kutoa ushahidi, anasema "huyu baba ndo alinitambulisha mwenyewe, mama huyu ni mke wangu, tena akalipa kodi ya miezi mitatu." Alhamisi nampitia asubuhi na bajaji.